Friji kupiga shoti nyumba ya zamani, Isevya

Dada, umesema friji inakupiga shoti ukiigusa peku, na fundi anataka kubadilisha breka tu, ile swichi inayojikata umeme ukizidi. Hapana. Breka ya kawaida inalinda waya zisiungue, haikulindi wewe. Chomoa friji kwanza, halafu fundi aanze na ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja.

Nyumba za zamani hapa Tabora, ethi mara nyingi ipo kwa jina. Kwetu tulipofukua nyuma ya jiko tulikuta klampu ya rodi (ile nondo ya ethi inayochimbiwa ardhini) imegeuka unga wa kijani, waya unaning'inia tu, sijui toka enzi za marehemu babu! Na kiangazi hiki udongo wa kichanga ukikauka haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo rodi fupi haitoshi. Achimbie ndefu, au mbili aziunganishe, kisha apime kwa mashine ya kupimia ethi, siyo ile testa ya mfukoni.

Mwambie pia aweke RCD ya miliampia 30. Hiyo ndiyo inayokata umeme ukivuja kwenye mwili wa mtu. Waya za soketi ziwe za unene wa milimita za mraba 2.5, za taa 1.5 zinatosha.