Ngazi iliyoegemea ukuta: kwa nini umepata 100 badala ya 75

Mdogo wangu, umeuliza kuhusu ngazi ya mita 5 yenye uzito wa nyutoni 200, mguu wake ukiwa mita 3 kutoka ukuta laini usio na msuguano: sakafu inatoa msuguano wa nyutoni ngapi kwenye mguu huo? Kizigeu cha msuguano wa sakafu (uwiano wa msuguano mkubwa kabisa na nguvu ya wima ya sakafu) ni 0.5, ukakizidisha kwa 200 ukapata 100.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Ile 100 ni kikomo, yaani msuguano mkubwa kuliko wote ambao sakafu inaweza kutoa. Ngazi ikiwa imetulia, sakafu hutoa kiasi kinachohitajika tu.

Anza upya na mchoro. Ichore ngazi peke yake, futa ukuta na sakafu, weka mishale ya nguvu badala yake: uzito katikati, ukuta ukisukuma kwa mlalo juu, sakafu ikisukuma wima, na msuguano ukielekea ukutani. Usiandike mlinganyo wowote kabla ya mchoro huu, tafadhali.

Sasa chukua momenti (uwezo wa nguvu kuzungusha, yaani nguvu mara umbali wake wa mkabala) kwenye mguu wa ngazi. Nguvu mbili za sakafu zinapita hapo, kwa hiyo zinatoweka. Uzito uko mita 1.5 kwa mlalo, ukuta unasukuma kwa nguvu R kwenye kimo cha mita 4 (pembetatu ya 3, 4, 5): 200 × 1.5 = 4 × R, hivyo R ni 75. Nguvu za mlalo lazima zilingane, basi msuguano nao ni 75. Ni chini ya 100, ngazi haitelezi.

Kama msuguano unaohitajika ungevuka kikomo, ngazi ingeteleza, na jumla ya nguvu isingekuwa sifuri tena bali tungamo mara mchapuko.