Maswali ya Wasomaji: Oili Inayobaki Baada ya Kubadilisha Nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota IST yenye injini ya lita 1.5, na oili hubadilisha mwenyewe hapa uani. Kila mara hubaki kiasi kwenye galoni, na sasa stoo nina galoni kadhaa zenye mabaki: nyingi ni 5W-30 za kampuni tofauti, na moja ni 20W-50 aliyoniachia shemeji. Je, naweza kuyachanganya yote yakatosha sevisi moja? Oili iliyokwisha kufunguliwa huharibika? Na mdogo wangu mwenye bodaboda anaweza kuitumia?
Msomaji, Tabata

JIBU: Injini yako huchukua takribani lita 3.7 filta inapobadilishwa, kwa hiyo galoni ya lita 4 itakubakizia kama mililita 300, na ya lita 5 itakubakizia lita nzima na ushei. Kazi ya kwanza ya mabaki hayo ni kujazia pale kijiti cha kupimia kinapoonyesha kuwa oili imeshuka kabla sevisi haijafika, na kwa gari lililoanza kula oili akiba hiyo hukuepusha na kununua chupa ya haraka barabarani, usiyojua imetoka wapi.

Oili za 5W-30 (namba hizo hueleza uzito wa oili) za kampuni tofauti zinaweza kukutana ndani ya injini bila madhara, kwa sababu viwango vya API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambavyo alama zake huandikwa kwenye galoni kama SL, SN au SP, vinataka oili za injini zichanganyike bila kugombana. Unachopoteza ni kiwango: ukiongeza oili ya daraja la chini kwenye ya daraja la juu, mchanganyiko wote usiuhesabu tena kuwa wa daraja la juu. Kwa hiyo kujazia nusu lita hakuna tatizo, lakini kujaza injini nzima kwa makombo ya galoni nne sikushauri, isipokuwa umekwama na huna njia nyingine. Ile 20W-50 irudishe kwa shemeji. Ni nzito kuliko inavyohitaji injini yako, ambayo mfumo wake wa VVT-i, unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, huendeshwa na msukumo wa oili inayopita kwenye njia nyembamba.

Kuhusu kuharibika, watengenezaji wengi hutaja takribani miaka 5 kwa galoni ambayo haijafunguliwa na iliyohifadhiwa vizuri. Iliyofunguliwa itumie mapema zaidi, na hapa Dar es Salaam adui wake mkubwa ni unyevu. Stoo ya bati hupata joto kali mchana, hewa iliyo ndani ya galoni ikatanuka na kutoka kupitia mfuniko uliolegea. Usiku inapopoa, galoni huvuta ndani hewa yenye unyevunyevu wa pwani, na jambo hilo hujirudia kila siku. Kaza mfuniko hadi mwisho, weka galoni juu ya ubao badala ya sakafuni, mbali na jua, na andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyoifungua. Usimimine mabaki yote kwenye dumu moja ili kupunguza nafasi, kwa sababu ukishafanya hivyo umepoteza maandishi ya galoni, na oili isiyojulikana daraja wala uzito haina tena kazi kwenye injini. Usiitie pia kwenye chupa ya maji ya kunywa au dumu la mafuta ya kula, hata kwa siku moja. Nyumba zetu zina watoto na wageni.

Mdogo wako asiitumie. Klachi ya pikipiki nyingi za bodaboda huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi nyepesi za magari zina viambata vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi hiyo iteleze. Pikipiki yake inataka oili yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki.

Mabaki yanayobaki hata baada ya hayo yote yana kazi ndogondogo nzuri: kupaka raba ya filta mpya kabla ya kuifunga, bawaba za geti, ekseli ya toroli, panga na jembe yasipate kutu msimu wa mvua. Usiitie kwenye cherehani, kwani ni nzito na itachafua kitambaa. Galoni ikiisha, itoboe kabla ya kuitupa, kwa kuwa galoni safi yenye nembo inayojulikana ni mali kwa muuza oili bandia.

SWALI: Mhariri, oili chafu ninayomwaga kutoka kwenye gari huwa inagombaniwa. Jirani anaitaka apake kenchi zake zisiliwe na mchwa, fundi anaitaka kwa mbao za kufungia zege, na mama mkwe huimwaga chooni kuua mbu. Je, si vizuri ikipata matumizi kuliko kutupwa?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu msomaji, mengi ya matumizi hayo ni namna ya kuimwaga oili hiyo polepole. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba chembe za chuma, masizi na kemikali za mwako, baadhi yake zikijulikana kusababisha saratani, na hazipotei kwa kupakwa kwenye mbao. Kwenye kenchi huishia juujuu, huchochea moto ukitokea, na mvua ikivuja hushuka nayo. Mbao zilizotiwa dawa kiwandani ni ghali zaidi, lakini dawa yake imesukumwa hadi ndani ya mbao. Fundi wako naye ajue kwamba oili chafu huacha madoa kwenye zege na plasta haishiki vizuri juu yake. Kuna pia wanaompaka mbwa mwenye ukurutu. Hilo liachwe kabisa, mnyama huilamba.

Hoja ya mama mkwe ina msingi, na mjibu kwa heshima: utando wa mafuta juu ya maji kweli huwakosesha viluwiluwi hewa. Tatizo ni kwamba shimo la choo lisilo na sakafu ya saruji huvujia ardhini, na ardhi ya Mbagala ni ya mchanga, yenye visima ambavyo watu huchota. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani hukadiria kwamba oili ya sevisi moja, karibu lita 3.8, inaweza kuharibu maji safi kiasi cha lita milioni 3.8. Njia nyingine ipo, tena ilijaribiwa jirani: huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo viliwekwa tabaka la chenga nyepesi za plastiki ya polistairini zinazoelea, na mbu wanaoeneza matende wakapungua sana. Kwa nyumba moja, wavu imara kwenye bomba la hewa la choo utasaidia.

Oili yako ihifadhi kwenye galoni ya oili iliyokwisha, iandike “OILI CHAFU”, na usiichanganye na petroli, mafuta ya breki wala maji ya rejeta, kwa sababu mchanganyiko huo huikosesha nafasi ya kusafishwa upya. Filta ya zamani itoboe kwenye kichwa ikiwa bado ina joto, uinamishe juu ya chombo kwa saa 12 ndipo uitupe. Kisha peleka galoni kwenye gereji au kituo kinachokusanya oili kwa wingi na kuikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazihesabu taka hatarishi kuwa jambo la vibali. Usione haya kumuuliza fundi pipa lake huenda wapi likijaa. Ukiona mtaro ulio nyuma ya gereji ni mweusi na unang'aa, umeshajibiwa. Tafuta gereji nyingine.

SWALI: Nimefungua galoni iliyokaa stoo muda mrefu, oili iliyo chini ina rangi kama chai ya maziwa. Nikiiacha juani itarudi kuwa safi?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana. Hayo ni maji yaliyoingia, na kuianika juani hakurudishi viambata vilivyoharibika. Usiitie kwenye injini yoyote. Ipeleke pamoja na oili chafu, lakini ikiwa kwenye chombo chake, na umwambie mpokeaji kwamba ina maji.