Usahaulifu wa mama nitaurithi? Maswali yenu kuhusu uzee, jeni na ubongo

Barua nyingi za safari hii zina hofu moja: mzee nyumbani ameanza kusahau, na watoto wanajiuliza kama zamu yao inakuja. Naanza na hiyo. Mengine yanafuata jinsi yalivyofika.

Mama yangu ana miaka 71, tupo Masaka, Uganda. Anauliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa, na juzi alipotea akitoka sokoni. Kaka yetu aliye Uingereza anataka sisi watoto wote tupime mate, tujue kama tuna jeni ya kusahau. Tupime?

Pole sana, dada. Jeni anayoisema kaka yako inaitwa APOE. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na zipo za aina tatu: e2, e3 na e4. Hii e4 ndiyo yenye sifa mbaya. Kwa Wazungu, mwenye nakala moja ana hatari ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole, takriban mara tatu ya asiye nayo, na mwenye mbili hatari yake hupanda mno.

Sasa angalia neno nililotanguliza: kwa Wazungu. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofuatilia wazee wa Kiyoruba mjini Ibadan, Nigeria, pamoja na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Kwa mwaka, Alzheimer mpya iliwapata asilimia 2.52 ya wazee wa Indianapolis, lakini Ibadan ni asilimia 1.15 tu. Na kule Ibadan kuwa na nakala moja ya e4 hakukuonekana kuongeza hatari. Miaka ya baadaye, wazee wengi zaidi walipokwisha kufuatiliwa, ni wenye nakala mbili tu walioonekana kuathirika. Wapo wanaosema sababu ni vipande vya DNA vilivyo jirani na APOE, ambavyo kwa Waafrika ni tofauti. Wengine wanataja chakula na mafuta kwenye damu. Vyovyote iwavyo, karatasi itakayotoka Uingereza ikisema "hatari mara tatu" itakuwa inakusomea hesabu ya watu wengine.

Tena jeni moja huweza kuzuiwa na nyingine. Kuna ukoo mkubwa huko Antioquia, Colombia, wenye kasoro katika jeni ya PSEN1, ambao huanza kusahau wakiwa na miaka 40 na kitu. Mwaka 2019 iliandikwa habari ya mwanamke mmoja wa ukoo huo ambaye alibaki na akili zake hadi alipovuka miaka 70, ingawa ubongo wake ulikuwa umejaa uchafu wa protini ya amiloidi, ule unaoonekana kwa wagonjwa wa Alzheimer. Alikuwa na nakala mbili za aina adimu sana ya APOE, iitwayo Christchurch. Watafiti wa dawa wanaifuata njia hiyo hadi leo.

Kwa hiyo mate yasubiri. Mama ndiye wa kupimwa, tena mapema: presha, sukari, tezi ya shingoni, vitamini B12, VVU na kaswende. Chukueni mfuko mzima wa dawa anazokunywa, pamoja na zile za usingizi na mafua alizonunua dukani bila kuandikiwa, mmwagie daktari mezani. Muulizeni daktari pia kuhusu sonona, maana mzee mwenye huzuni nzito husahau kama mgonjwa wa Alzheimer, na huyo anatibika. Na shangazi akisema amerogwa, msibishane naye. Mpeni kazi ya kumsindikiza mama hospitali.

Hakuna dawa basi?

Ipo, si ya kuponya. Lecanemab iliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023 baada ya kujaribiwa kwa watu 1,795. Ndani ya miezi 18 ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27. Katika jaribio hilo ilitolewa kwa dripu kila wiki mbili, ni kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa, na lazima kichwa kipigwe picha za MRI mara kwa mara kwa sababu inaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu humo. Wenye nakala mbili za e4 ndio walio hatarini zaidi, kwa hiyo hapo kupima jeni kuna maana. Kwa familia ya Masaka, kwa sasa, ni habari ya kusoma tu.

Nipo Fort Portal. Vijana wanaotembeza watalii wanasema sokwe wa Kibale nao hukoma hedhi. Wanatania wageni?

Hawatanii. Utafiti ulichapishwa mwaka 2023 kuhusu sokwe wa Ngogo, ndani ya hifadhi hiyo hiyo ya Kibale. Watafiti walitazama kumbukumbu za majike 185, wakakusanya na mikojo ili kupima homoni. Uzazi ulianza kushuka baada ya miaka 30, na baada ya 50 hakuna aliyezaa, ilhali baadhi yao waliendelea kuishi miaka mingi. Homoni zilibadilika kama zinavyobadilika kwa wanawake.

Hilo limeharibu maelezo yaliyokuwa yamezoeleka. Kwa binadamu tulikuwa tunaambiwa kwamba bibi huacha kuzaa ili amsaidie binti yake kulea, na ndiyo maana akina Jaja, yaani bibi zetu, wanaishi sana. Kwa sokwe, binti akikomaa huhama akaenda kundi lingine. Bibi habaki na wajukuu wa kubeba. Huenda hali ya Ngogo ndiyo sababu: chui walishatoweka huko, matunda ni tele, basi majike wanafikia umri ambao kwingine wasingeufikia. Huenda pia ni jambo la kale, la tangu enzi za mababu wa pamoja wa sokwe na sisi. Mimi naegemea la kwanza, ila sitalipigania.

Kibale imetupa lingine. Kanyawara, upande mwingine wa msitu, madume yalifuatiliwa miaka 20, na matokeo yakatoka 2020. Madume wazee hupunguza ugomvi na hukaa zaidi na marafiki wanaowajali pia. Wanasaikolojia walikuwa wakisema mzee huchagua marafiki wachache kwa kuwa anajua siku zake zinahesabika. Sokwe, kwa tunavyodhani, hajui hilo. Kwa hiyo mzee wako anayekataa harusi za watu asiowajua, akashinda kwa rafiki yake mmoja, mwache.

Niko kwenye ARV tangu 2007. Nina miaka 54, lakini magoti na kumbukumbu ni za mzee kabisa. Ni virusi au ni dawa?

Kwa sehemu kubwa ni virusi. Mwaka 2013 mtafiti Steve Horvath alionyesha kwamba alama za kemikali zinazokaa juu ya DNA hubadilika kadiri mtu anavyozeeka. Akichunguza sehemu 353 anaweza kukisia umri wako. Watafiti wengine wakatumia njia ya namna hiyo kwa watu 137 wenye VVU waliokuwa wakitumia dawa, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba damu yao ilionekana kuzeeka karibu miaka mitano zaidi ya umri wao. Virusi vikinyamazishwa bado kinga ya mwili haitulii kabisa, na kuchokozwa huko kwa muda mrefu kunachosha mishipa na ubongo. Kuacha dawa kungeharibu zaidi. Dawa moja ya zamani, efavirenz, ilisumbua usingizi na ndoto za wengi. Kama bado uko nayo, uliza kliniki kuhusu kuhamia dolutegravir. Na siku ya kuchukua dawa, omba wakupime presha papo hapo.

Kuna jamaa kwenye teksi anauza vidonge vya kurefusha telomea. Anasema vimepata Nobel.

Telomea ni ncha za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, na kweli watafiti wake walipata Nobel mwaka 2009. Vidonge havikupata. Seli za saratani nazo huzirefusha telomea zao, kwa hiyo si kitu cha kuchezea. Hiyo hela nunua mukene, dagaa wetu.

Nimesoma kwamba sukari huharibu ubongo. Nilipima HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache, wakasema niko sawa. Nitulie?

Tulia nusu. Kisukari kweli ni kati ya vinavyoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Ila kuna jambo lililogunduliwa hapa hapa kwetu. Vinasaba vya Waganda zaidi ya 6,000 wa Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako jamii imekuwa ikifuatiliwa tangu 1989, vilichunguzwa na matokeo yakachapishwa 2019. Ilionekana kwamba wengi wamerithi aina ya alfa-thalasemia, hitilafu ya chembe nyekundu za damu, ambayo husaidia dhidi ya malaria kali lakini hushusha namba ya HbA1c bila sukari yenyewe kushuka. Ukiwa na dalili, kama kiu isiyoisha na kukojoa usiku, omba pia kipimo cha sukari cha asubuhi kabla ya kula.

Baba hasikii vizuri. Kifaa cha masikio ni ghali. Kina faida gani kwa mtu wa miaka 78?

Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na akili kama kunakoletwa na Alzheimer, duniani. Kutosikia ni mojawapo, pamoja na presha, kisukari, kutoona vizuri, upweke na jeraha la kichwa. Jaribio la Marekani la 2023 lilionyesha kifaa hakikubadilisha kitu kwa wazee wenye afya njema kwa jumla, lakini kwa waliokuwa hatarini zaidi kupungua kwa akili kulienda polepole kwa asilimia 48 katika miaka mitatu. Kabla ya kununua, mpelekeni masikio yatazamwe. Nta iliyoziba hutolewa kwa pesa kidogo.

Mume wangu ni wa boda. Mwaka jana alianguka akazimia, akapona. Litamrudia uzeeni?

Pigo moja halimaanishi hivyo. Hatari hupanda pigo likiwa kubwa au yakirudiwa. Akianza kuumwa kichwa kila mara au kubadilika tabia, arudi hospitali. Na helmeti aliyovaa siku ile aibadilishe hata kama haina ufa, maana povu lake la ndani likishabanwa mara moja halilindi tena.