Jibu: Kupasha moto pipa la resini yenye zailini

Habari ndugu. Umeuliza kama hita ya mkanda ya kawaida (ya umeme, inayozungushwa kwenye pipa) inafaa kulainisha resini yenye zailini, yaani kiyeyusho cha rangi, ndani ya chumba cha kuchanganyia rangi. Nakusihi usiiwashe. Zailini hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi, na mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Sisi tulihamia kwenye koti la maji ya moto linalozunguka pipa, boila ikiwa nje ya jengo. Kwanza kagua waya wa ethi, ule unaopeleka umeme tuli wa pipa ardhini usitoe cheche: wetu ulikuwa umebanwa juu ya rangi ya pipa, haukugusa chuma kabisa. Kisha legeza kizibo, maana pipa lililofungwa likipata joto linaweza kupasuka. Lebo ya hita yako sijaiona, ila isiyo na alama ya Ex (ya vifaa vilivyoundwa kwa sehemu zenye mvuke unaoweza kulipuka) isiingie humo.