Vifaa vya samoni kwenye Ziwa Kivu?

Ndugu, hivyo vifaa vya kuvulia samaki aina ya samoni ulivyotumiwa kutoka Kanada usivichoshe hapa Goma. Samoni anapenda maji baridi, nyuzi 10 hadi 13 hivi; Kivu juu ni kama 24, na kuanzia mita 60 hivi kwenda chini hakuna oksijeni. Sambaza naye, yule dagaa wa Kivu, ni wa taa na wavu, usiku. Peleka Uvira, ukamtafute sangala, samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, itangulie, kisha kiungo kinachozunguka, halafu mshipi wa mita moja au mbili, mwisho bati linalong'aa lenye ndoano. Hicho kiungo usikiache! Mie nilikiacha, mshipi ukajisokota wote nikautupa. Mtumbwi uvikokote nyuma yake kwa mwendo wa mtu anayetembea, basi.