Taa za uwanja: wati za kwenye boksi zisiwahadae

Ndugu yangu wa Lamu, umeuliza kama kamati yenu ya vijana ibadilishe zile taa nane za zamani za wati 400 na kuweka LED, au mchukue zile za sola zenye paneli yake, "wati 1000" kwa bei ya kutupa. Mimi ni mweka hazina wa uwanja wa watano kwa watano hapa Malindi, na makosa yote mawili nimeyafanya. Nitaandika kirefu, uniwie radhi.

Nianze na sola, maana hapo ndipo pesa zenu zitazama. Boksi liache, tazama paneli. Ile yetu ilikuwa na paneli ya wati 30. Hata jua la kwetu likiipiga saa tano nzima kwa nguvu zake zote, unavuna wati-saa 150. Taa ya wati 1000 ya kweli ingezimaliza kwa dakika tisa. Yetu ilikuwa ikiwaka mpaka alfajiri, nami kwa ujinga wangu nikajisifu, kumbe ni kwa kuwa ilikuwa ikila wati chache tu! Siku hizi iko mlangoni mwa choo cha uwanja, na huko haina neno.

Hizo za zamani mlizo nazo, kila moja pamoja na balasti yake, kile kifaa cha kudhibiti stima yake, hula kama wati 440. Nane ni kilowati tatu na nusu. Sisi tulikuwa tukiwasha saa moja usiku hadi saa nne, siku 26 za mwezi: karibu yuniti 275. LED nane za wati 200 za kweli zinakula karibu 125. Zidisha hizo yuniti 150 mtakazookoa kwa bei mnayonunulia tokeni. Na hapo sijatia Ramadhani, maana mechi huanza baada ya tarawehe na watu wakaondoka uwanjani kwenda kula daku. Tena kuna hili: stima ikipepesa tu, taa za zamani haziwaki mpaka zipoe, dakika kumi au kumi na tano. Tuliwahi kukatikiwa katikati ya penalti. Zilipowaka, nusu ya mashabiki walikuwa washakwenda zao, na waliobaki wanagombana ni nani aliyekuwa apige.

Basi tukanunua LED. Duka moja lilitupa "wati 200" kwa bei nzuri. Jioni ya kwanza kipa akasema mpira anauona ushafika. Fundi akaleta ile klempu ya kupimia ampea: taa moja inavuta ampea 0.4. Zidisha kwa volti 240, hazifiki hata wati 100. Tulikuwa tumelipia taa nane tukapata nne. Kisha kusi ikaja na chumvi yake. Skrubu zikaota kutu, maji yakaingia, na kabla ya mwaka draiva tatu, yaani vile vifaa vinavyoilisha LED stima, zilikuwa zishakufa. Risiti ilikuwa ya mkono, dhamana ya mdomo.

Mara ya pili tulinunua moja tu kwanza. Tukaifunga mlingotini, fundi akapima ampea, tukaiacha miezi mitatu ipigwe na upepo wa bahari. Muuzaji asiyekubali kukuuzia moja ya kujaribu, mwache. Tulidai kinga ya maji ya IP66, na boliti za stenlesi ya 316, si 304. Kwa mbali huwezi kuzitofautisha, lakini hiyo 304 karibu na bahari huanza madoa ya kutu mapema. Na tukaongeza kifaa cha kuzikinga taa na stima inayopanda ghafla, kwenye boksi kuu, kitu ambacho kamati ilikiona anasa.

Kwenu kuna jambo ambalo sisi hatukulazimika kulifikiria. Mzigo unavuka kwa mashua kutoka Mokowe, na lori la ngazi halitawafikia kisiwani. Kila draiva ikifa juu ya mlingoti, ni mtu kupanda. Basi tafuteni taa ambazo draiva yake hutenganishwa ikafungwa chini ya nguzo, ndani ya kisanduku kilichozibwa. Ni ghali kidogo na waya unaongezeka, lakini mimi ningeuza hata mbuzi nizipate.

Mwanga nao upimwe uwanjani. Viwango vya Ulaya, EN 12193, vinataka lux 75 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika chini) kwa mpira wa mazoezi na wa mtaani, 200 kwa mashindano ya kati. Programu ya simu inatosha kwa makisio. Pimeni pembeni pia, maana katikati kila taa inang'aa. Na mkiwa karibu na ufuo, zielekezeni chini: kasa wadogo wakianguliwa hufuata mwanga wakapotea njia ya baharini.

Kitu cha rahisi kuliko vyote tulichonunua ni swichi ya saa. Mlinzi alikuwa akisahau, taa zinalala zikiwaka. Tukagawa na waya mara mbili, mazoezi yanatumia nusu ya taa.

Sasa niambie, milingoti yenu ina mita ngapi, na iko pembeni au nyuma ya magoli? Bila hilo siwezi kukwambia kama nane zinatosha.