Yammer haijafungwa, iliyofungwa ni Workplace
Hapana ndugu uliyesema Yammer imefungwa na mnataka kuhama: Yammer, mtandao wa Microsoft wa wafanyakazi kuwasiliana ndani ya kampuni, ipo. Ilibadilishwa jina tu: mwaka 2023 Microsoft waliamua iitwe Viva Engage moja kwa moja, kwa hiyo hakuna haja ya kuhamisha jumuiya zenu, yaani makundi yenu ya mazungumzo humo. Iliyofungwa ni Workplace, mtandao kama huo wa Meta, wenye Facebook. Walitangaza Mei 2024, matumizi ya kawaida yakakoma 31 Agosti 2025, ikabaki ya kusoma na kupakua data tu, mwisho wake Mei 2026. Wateja walielekezwa Workvivo, huduma kama hiyo ya Zoom.

Mimi ndiye msimamizi wa Viva Engage kazini, kampuni yenye matawi mengi, na ninachokiona kinaua jumuiya ni kukosa mtu wa kuisimamia. Msimamizi wa jumuiya akiacha kazi na akaunti yake ikazimwa, maombi ya kujiunga yanakaa bila kuidhinishwa, maswali hayajibiwi, watu wanarudi kwenye makundi yao ya WhatsApp na taarifa za kampuni zinawafuata huko. Wekeni wasimamizi wawili kila jumuiya, na mmoja atoke idara husika, si IT. Halafu wakubwa wajibu wenyewe. Kwetu jumuiya ya maduka ilichangamka pale mkuu wa usambazaji alipoanza kujibu, chini ya picha za mzigo ulioharibika, lori lingine linafika lini.

Angalieni leseni tu: matumizi ya msingi yamo kwenye vifurushi vingi vya Microsoft 365 vya kampuni, ila takwimu za kina zinalipiwa zaidi.